Kula na kutembea mijini Ureno: maswali ambayo wageni huuliza mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa ndugu na marafiki wanaofika Lisbon na Porto kwa mara ya kwanza. Wengine wanakuja kusoma, wengine wana mkutano wa siku tatu, wengine wanangoja ndege na wana saa nane za kuzurura. Nimeyajibu kama ninavyowajibu wao tukiwa jikoni kwangu. Chakula cha Wareno nakipenda, na sipendi kuona mtu akiondoka huku baada ya kula tu kwenye migahawa yenye picha za vyakula mlangoni.

Nikitoka hotelini asubuhi, nianzie wapi?

Ingia pastelaria yoyote ya mtaani. Jina lenyewe ni duka la keki, lakini humo utapata kahawa, mkate wa siagi, supu ya mchana, maji, hata tiketi za bahati nasibu. Usitafute meza. Simama kaunta kama wenyeji, hapo ndipo mji unapoamkia. Utakuta fundi mwenye vumbi la saruji viatuni, wakili mwenye tai, na bibi aliyetoka sokoni na mkoba wa magurudumu, wote bega kwa bega. Kabla ya kusema unachotaka, sema "Bom dia". Ukiruka salamu utahudumiwa, ila utaonekana huna malezi. Baada ya saa sita mchana salamu inakuwa "Boa tarde", na giza likiingia, "Boa noite".

Kahawa inaletwa katika kikombe kidogo, ndugu wa vile vikombe vya kahawa chungu vya barazani, nayo hunywewa vivyo hivyo: ya moto, mafunda matatu, na kitu kitamu pembeni. Sisi tuna kashata, wao wana pastel de nata, kitumbua cha uji wa mayai. Kaunta mara nyingi ni nafuu kuliko meza, na meza ya nje penye jua ndiyo ghali zaidi.

Mbona kahawa ina majina mengi? Niagize ipi?

Ukisema "um café" utaletewa kahawa fupi nyeusi, popote ulipo Ureno. Lisbon wanaiita pia bica. Porto wazee wanaiita cimbalino, kutokana na mashine za Kiitaliano za La Cimbali. Ukitaka tone la maziwa, sema pingado. Ukitaka kahawa ya maziwa ya kutosha kushibisha, kuna meia de leite inayokuja kikombeni, na galão inayokuja katika glasi ndefu. Hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na chai yetu ya maziwa ya asubuhi. Kahawa ndefu nyeusi inaitwa abatanado.

Asiyekunywa kahawa aombe carioca de limão. Ni maji ya moto yaliyotiwa maganda ya limau, basi. Baada ya mlo mzito wa usiku sijaona kinachoipita.

Pastel de nata ya kweli ni ya Belém peke yake?

Historia iko Belém, mtaa wa Lisbon, hilo halina ubishi. Mwaka 1834 serikali ilifunga nyumba za watawa nchini, na mapishi ya watawa wa Jerónimos yakafika mikononi mwa wafanyabiashara. Mwaka 1837 duka la Pastéis de Belém likaanza kuyauza hatua chache kutoka kwenye monasteri hiyo, na mpaka leo linayaweka siri. Kwa hiyo kitumbua hicho kinaitwa pastel de Belém pale tu. Kwingine kote ni pastel de nata.

Ukichunguza vyakula vitamu vya Kireno utashangaa wingi wa viini vya mayai. Inasimuliwa kwamba watawa walitumia ute wa yai kunyooshea nguo, kama wanga, na wenye mvinyo waliutumia kuusafisha mvinyo wao, hivyo viini vikabaki kwa mabakuli. Wakavikutanisha na sukari. Ndiko zilikotoka pia ovos moles za mji wa Aveiro na keki chungu nzima za rangi ya manjano utakazoziona kwenye vioo.

Nenda Belém mara moja, upange foleni, uonje. Lakini tangu nianze kula vitu hivi sijaona jina linaloshinda joto la tanuri. Tazama pastel yenyewe: juu iwe na madoa meusi ya kuungua, pembeni unga uwe umejikunja matabaka kama chapati ya kusukuma iliyokauka, na ukiing'ata ivunjike kwa sauti kabla uji wa mayai haujakufikia ulimi. Nyunyiza mdalasini, upo kaunta. Kama trei imetoka sasa hivi kwenye duka lisilojulikana, nunua hapo.

Nimekaa tu, mhudumu ameleta mkate, zeituni na jibini. Ni zawadi ya nyumba?

Hapana. Inaitwa couvert, na unachokula unakilipia. Hakuna ubaya wala hila ndani yake. Wareno wenyewe hula zeituni zile wakisubiri samaki. Usipotaka, sema "Não, obrigado" ukiwa mwanamume au "Não, obrigada" ukiwa mwanamke, navyo vitaondolewa bila kununiwa. Sheria ya Ureno inasema huwezi kutozwa couvert usiyoiomba wala kuigusa.

Wiki yangu ya kwanza Lisbon nililetewa bili yenye jibini ambalo halikukatwa hata kipande. Niliuliza kwa sauti ya kawaida, mhudumu akaomba radhi, akalifuta kwa kalamu. Ungefika mzozo, kila mgahawa unatakiwa kuwa na livro de reclamações, kitabu cha malalamiko, na kukiomba tu kwa adabu mara nyingi kunamaliza mambo.

Bakshishi si lazima. Watu huacha sarafu kadhaa wakiridhika.

Kwa nini nimekuta mgahawa umefungwa saa kumi jioni?

Kwa sababu jiko limepumzika. Chakula cha mchana ni kati ya saa sita na nusu na saa tisa, na cha usiku hakianzi kabla ya saa moja na nusu. Wengi huketi saa mbili na kuendelea. Katikati kuna lanche, yaani kitu kidogo cha jioni: kahawa ya maziwa na torrada, mkate mnene uliookwa na kupakwa siagi kingo hadi kingo. Ukisoma tangazo la mlangoni kumbuka kwamba 13:00 yao ni saa saba yetu.

Mchana tafuta neno "prato do dia" lililoandikwa kwa mkono kwenye karatasi dirishani. Ndicho chakula cha siku, wanachokula wafanyakazi wa jirani, na mara nyingi bei yake inajumuisha supu au kinywaji. Pia angalia "dose" na "meia dose". Meia dose ni nusu, na kwa mtu mmoja nusu inatosha.

Nchi iko kando ya bahari, mbona wanapenda samaki mkavu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mtu wa pwani yetu analielewa jibu haraka. Aliyekua akinusa papa mkavu na ng'onda sokoni ataingia duka la bacalhau na kujiona yuko nyumbani.

Bacalhau ni samaki wa bahari baridi za kaskazini. Hapatikani kabisa katika maji ya Ureno. Tangu karne ya 16 wavuvi wa Kireno walivuka Atlantiki kumfuata kwenye maji ya Newfoundland, huko Kanada, na safari ilivyokuwa ndefu hapakuwa na njia ya kumleta ila kwa chumvi. Kanisa nalo lilikataza nyama siku nyingi za mwaka. Samaki asiyeoza, anayesafirika kwa punda hadi vijiji vya milimani, akawa chakula cha taifa. Wanamwita fiel amigo, rafiki mwaminifu. Siku hizi sehemu kubwa inatoka Norway.

Dukani amelazwa rundo rundo, bapa, mgumu kama ubao, mweupe kwa chumvi. Unachagua, muuzaji anamkata vipande mbele yako. Nyumbani analowekwa siku nzima au mbili, maji yakibadilishwa mara kadhaa. Hapo ndipo mpishi hujulikana: akikosea, mlo mzima ni chumvi.

Wanasema ana mapishi 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Mgeni aanze na bacalhau à Brás: samaki amechambuliwa nyuzi nyuzi, akachanganywa na viazi vilivyokatwa vyembamba kama njiti na kukaangwa, mayai yakavurugwa juu yake yakiwa bado laini, kisha zeituni nyeusi. Ukiipata iliyokauka, hukuipata. Porto kuna à Gomes de Sá, yenye viazi, vitunguu, mayai ya kuchemsha na mafuta mengi ya zeituni. Na usiku wa mkesha wa Krismasi nyumba nyingi hula bacalhau wa kuchemsha tu, na viazi na kabichi, kabla ya keki na vitamu vyote.

Mimi sili nguruwe. Nitapona?

Utapona, lakini uulize kila mara, maana nguruwe yumo usipomtarajia. Caldo verde, supu ya viazi na majani mabichi yaliyokatwa membamba kama nywele (mtu wa Nairobi ataona sukuma wiki na hatakosea sana), huwekewa kipande cha soseji ya nguruwe juu. Bifana ni sandwichi ya nguruwe. Ya ng'ombe inaitwa prego. Tosta mista ina hemu. Mafuta ya nguruwe, banha, huingia katika baadhi ya mikate na keki za asili. Maneno yako ni haya: "Não como carne de porco", sili nguruwe, na "Leva banha?", ina mafuta ya nguruwe? Kwa pombe uliza "Leva vinho?", maana mvinyo mweupe hutiwa kwenye michuzi mingi ya samaki na kome.

Kuna soseji iitwayo alheira, na hadithi yake inauma. Mwaka 1497 Wayahudi wa Ureno walilazimishwa kubatizwa, na kuanzia 1536 Mahakama ya Kanisa ikawa inawasaka walioshika dini yao kwa siri. Nyumba isiyokuwa na soseji za nguruwe zikining'inia kwenye moshi ilitiliwa shaka. Inasimuliwa kwamba ndipo wakatengeneza soseji za mkate, kuku na kitunguu saumu, wakazitundika kama wenzao. Ila usile kwa kuitegemea hadithi: alheira nyingi za leo zina nguruwe.

Kilichobaki ni kingi. Samaki wa kuchoma kwa mkaa, wenye chumvi ya mawe tu. Pweza wa lagareiro, aliyeokwa akazamishwa katika mafuta ya zeituni na saumu, na viazi vilivyopondwa kwa ngumi. Mpenzi wa pweza wa Forodhani ataridhika. Wali wa nyanya. Açorda ya Alentejo, mkate uliolowekwa kwenye mchuzi wa saumu, kotimiri na yai. Jina la açorda limetokana na Kiarabu, kama azeite (mafuta ya zeituni), açúcar (sukari) na arroz (mchele), kwa maana Lisbon ilikuwa chini ya Waislamu hadi 1147. Hata leo Mreno akitumaini jambo husema "oxalá", neno lililotoka kwenye "Mungu akipenda" ya Kiarabu.

Lisbon nyama halali inapatikana kirahisi eneo la Martim Moniz na Mouraria, mtaa wa Rua do Benformoso hasa. Msikiti Mkuu wa Lisbon ulifunguliwa 1985, uko karibu na Praça de Espanha.

Piri-piri yao ni pilipili yetu?

Ndiyo, neno ni letu sisi wa pwani ya Afrika, wao walilichukua. Mmea wenyewe ulitoka Amerika, ukafika Afrika kwa merikebu za Wareno, ukaota ukakubali, ukapewa jina la hapa, kisha jina likapanda merikebu kurudi Ulaya. Makoloni yalipopata uhuru mwaka 1975, watu mamia kwa maelfu walihamia Ureno kutoka Msumbiji na Angola, na ulimi wao ukaja nao.

Ukitaka kuiona kazi yake, nenda churrasqueira ya mtaani Jumapili mchana. Kuku amepasuliwa mgongoni akalazwa bapa juu ya mkaa. Moshi umejaa hadi barabarani, foleni ina baba na watoto na vyungu vyao vya nyumbani. Mchomaji anamkata kwa mkasi mkubwa, krak krak, kisha anauliza swali moja tu: "Com ou sem piri-piri?" Ukisema "com", anachovya brashi kwenye kopo la mafuta mekundu na kumpaka kuku wote. Kusini, mji mdogo wa Guia huko Algarve umejipatia sifa kwa kuku huyu.

Na si pilipili tu. Kwenye kioo cha pastelaria yoyote, katikati ya keki, utaona pembetatu iitwayo chamuça. Ni sambusa, iliyofika kwa watu wa Goa na Msumbiji. Sisi nasi tunakaa kwenye meza, tunapandisha bendera, tunajifunga leso, tunavisha mto foronya, tunakaza parafujo; maneno yote hayo ni ya Kireno. Gereza nalo wataalamu hulihusisha na igreja, kanisa. Sisahau kwamba maneno hayo yalikuja na mizinga, iliyoichoma Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na kwamba Ngome ya Yesu ilijengwa kutawala wenyeji. Nayajua yote mawili ninapokula chamuça, na naona mgeni kutoka kwetu ana haki ya kuyajua yote mawili.

Nikija Juni nitaona nini?

Utaona moshi wa sadini. Lisbon usiku wa tarehe 12 Juni ni wa Mtakatifu Antonio, aliyezaliwa mjini humo. Vichochoro vya Alfama na Mouraria hufungwa kwa majiko ya mkaa, sadini huchomwa nzima, na huliwa juu ya kipande cha mkate kinachonyonya mafuta yake. Ukimaliza samaki, ule na mkate: ndiyo sehemu tamu zaidi.

Siku hizo huuzwa vyungu vidogo vya manjerico, jamaa wa mrihani, vyenye ua la karatasi na shairi fupi la mapenzi. Usiinamishe pua, wanaamini mmea utanyauka. Pitisha kiganja juu ya majani, kisha nusa kiganja. Mara ya kwanza kufanya hivyo nilikumbuka vikuba vya harusi, nikanyamaza kidogo.

Porto sherehe yao ni São João, usiku wa tarehe 23 Juni. Watu hugongana kichwani taratibu kwa nyundo za plastiki, mkubwa kwa mdogo, kisha fataki hulipuka juu ya mto Douro. Ukigongwa, cheka, ugonge.

Lisbon au Porto, wapi wanakula vizuri zaidi?

Usiulize swali hilo mbele yao. Watu wa Lisbon huitwa alfacinhas, yaani vijani vya saladi. Watu wa Porto ni tripeiros, walaji wa utumbo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1415 Porto iliwapa mabaharia wa vita ya Ceuta nyama yake yote, ikabaki na utumbo. Mchuzi wake wa utumbo na maharagwe meupe ni mzito na mtamu. Sandwichi yao maarufu, francesinha, ina nyama za aina kadhaa, nguruwe na mchuzi wa bia, kwa hiyo wengi wetu tutaitazama tu. Mimi kwa samaki nachagua Lisbon na kusini yake, kwa supu na mapishi ya chungu naenda Porto.

Adabu gani nisizikose?

Salimia unapoingia dukani, kwenye lifti, kwenye chumba cha kungojea daktari. Mtu mzima usimwite "tu", yaani wewe ya wanaozoeana, wala usikimbilie "você", ambalo huku Ureno linaweza kusikika kama utovu wa heshima. Sema "o senhor" au "a senhora". Aliyelelewa kwa shikamoo halihitaji somo hilo. Famasia, buchani na kwenye duka la mikate tafuta kimashine cha senha, karatasi yenye namba. Bila namba hauko kwenye foleni, hata ungesimama saa nzima.

Na kutembea mjini?

Vaa viatu vyenye kushika. Njia zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi, vizuri mno, na vikilowa vinateleza kama sabuni. Tramu namba 28 ni ya kupendeza, lakini inajaa na vibaka wanaipenda pia; panda asubuhi na mapema, mfuko mbele. Maji ya bomba yananyweka.

Fado ni muziki wa huzuni tu?

Una huzuni, lakini kuna fado za mapenzi, za mitaa, hata za utani. Mwimbaji husimama, gitaa la Kireno lenye nyuzi 12 likijibizana naye. UNESCO iliutia kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2011. Sharti lake ni moja: taa zikipunguzwa, kimya. Uma chini, simu mfukoni. Hata mhudumu husimama alipo na sahani zake. Amália Rodrigues, malkia wa fado, amezikwa Panteão Nacional mjini Lisbon, jengo moja na Eusébio, mwanasoka aliyezaliwa Msumbiji mwaka 1942. Mwimbaji na mchezaji mpira katikati ya marais na waandishi, nenda ukaone.

Nina nusu siku tu. Nifanye nini?

Kunywa bica kaunta, kisha teremka hadi Cais do Sodré upande kivuko cha Cacilhas, ng'ambo ya mto Tejo. Ni safari ya dakika kama kumi, pamoja na watu wanaokwenda na kurudi kazini. Ukishuka tu, migahawa ya samaki iko mbele yako. Agiza carapau au sadini wa kuchoma kama ni msimu wake, kaa karibu na dirisha, na usisahau kuomba piri-piri. Iko nyuma ya kaunta, kwenye chupa isiyo na lebo.